Vumbi la urani, maji ya mvua na mimba ya binti: jibu kwa mama wa Newala

"Daktari, naishi Newala, ni mkulima wa korosho. Kijana wangu wa kwanza ni kibarua kwenye mradi wa urani kule Namtumbo. Huku kuna sauti inazungushwa kwenye simu, mtu anasema urani ni ile ile ya bomu la Hiroshima, upepo utaleta vumbi lake mpaka kwenye mikorosho yetu na juu ya mabati, na sisi maji ya kunywa ni ya kuvuna mvua. Anasema magari ya mzigo yatapita Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara, na baada ya miaka 20 watu watakwisha kwa kansa, watoto watazaliwa na ulemavu, hata vitukuu. Binti yangu ana mimba ya miezi mitatu na mwezi uliopita alipigwa picha ya kifua. Sasa anasema bora aitoe. Kijana naye akija likizo tunamwogopa, mkewe amemtengea sahani na kikombe. Naomba ukweli, hata kama ni mbaya."

Shikamoo mama. Nianze na binti, maana hilo haliwezi kusubiri.

Mwambie asitoe mimba kwa sababu ya picha ya kifua. Picha moja ya aina hiyo humpa mgonjwa mwenyewe mionzi isiyofika milisivati 0.1, na mtoto aliye chini tumboni, nje kabisa ya eneo linalopigwa, hupata chini ya milisivati 0.01. Milisivati ndicho kipimo tunachotumia kueleza mionzi imeugusa mwili kwa kiasi gani. Madhara ya maumbile na ya ubongo tunayoyahofia kwa mimba changa, hasa kati ya wiki ya 8 na ya 15, huanza kuwa jambo la kujadiliwa inapofika milisivati 100. Kutoka kwenye ile picha hadi hapo ni mara 10,000. Katika miezi yote tisa mtoto atapokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata kwenye chakula cha mama yake, nayo itazidi ile ya picha mara nyingi. Aendelee na kliniki kama kawaida, na asiogope ultrasaundi, kwa kuwa ile hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi ya aina hii hata kidogo. Siku nyingine akienda kupigwa picha aseme mapema kwamba ni mjamzito, ili mtaalamu aamue kama inaweza kungoja na namna ya kumkinga.

Nalisisitiza hili kwa sababu limewahi kutokea. Baada ya ajali ya kinu cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, mwaka 1986, wanawake nchini Ugiriki walitoa mimba walizokuwa wakizitaka, ilhali mionzi iliyofika huko haikukaribia kiwango cha kumdhuru mtoto tumboni. Watoto wale waliondolewa na hofu.

Jambo la pili ni kijana wako. Mrudishieni vyombo vyake leo. Mionzi haiambukizi kama kifua kikuu au homa ya matumbo. Mtu aliyepitiwa na mionzi habaki akiitoa, kama vile binti yako alivyotoka chumba cha picha bila kubeba chochote. Kinachoweza kusafiri na mtu ni vumbi lenyewe: kwenye buti, kwenye ovaroli, kwenye nywele, chini ya kucha. Dawa yake ni maji na sabuni, na nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe huko huko. Hata mahali palipotokea ajali kubwa za nyuklia, kuvua nguo za nje peke yake huondoa sehemu kubwa sana ya uchafu uliomshika mtu, na kuoga humalizia. Kwa hiyo mkewe ana haki ya kumuuliza kama alioga na kubadilisha nguo kabla ya kupanda gari. Kumtengea sahani hakumlindi yeye wala watoto.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, lile vumbi. Yule anayesema kwenye ile sauti amechanganya mambo mawili, na nisipoyatenganisha hakuna nitakalokueleza likaeleweka.

Urani ikiwa ardhini, au ikiwa imechimbwa na kusagwa, ni madini mazito yenye mionzi hafifu. Imekuwepo tangu dunia iumbwe, na aina yake iliyo nyingi huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua hadi nusu. Jambo linalopungua polepole kiasi hicho, kila gramu yake hutoa mionzi kidogo kwa siku. Vumbi la mionzi linaloua watu kwenye historia ni kitu kingine. Huzaliwa pale chembe za urani zinapopasuliwa, ndani ya bomu au ndani ya kinu cha kuzalisha umeme. Katika kupasuka huko hutokea vitu ambavyo awali havikuwemo: iodini 131, sezi 137, stronti 90 na vingine vingi. Hivi ndivyo vikali. Kule Namtumbo hakuna bomu wala kinu cha nyuklia. Mgodi hauwezi kutoa iodini 131, hata ukiungua wote. Katika bara letu kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi ni Koeberg, karibu na Cape Town, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka ulipo.

Najua hapo utasema: basi nieleze walioangukiwa na vumbi la kweli yaliwapata nini. Ni haki yako kujua, kwa sababu ndipo utaona ni kipi cha kuogopa.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Lililipuka kwa nguvu kuliko wataalamu walivyokadiria, likanyanyua mchanga na matumbawe hadi juu sana angani. Baada ya saa kadhaa unga mweupe ulianza kuwadondokea watu wa kisiwa cha Rongelap, waliokuwa wakiendelea na shughuli zao. Watoto waliuchezea. Uliingia kwenye maji yao ya kunywa, kwenye chakula, kwenye ngozi iliyolowa jasho. Watu walikuja kuondolewa baada ya siku mbili hivi, wakiwa tayari wanatapika na ngozi zinawawasha na kuuma. Wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa na mashua yao mbali na pale nao walinyeshewa unga ule, na mmoja wao alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo. Watu wa Rongelap walirudishwa kwao mwaka 1957. Miaka ilipopita, waliokuwa watoto siku ile ndio walioanza kuota vinundu kwenye tezi ya shingo, na wengine saratani. Mwaka 1985 walikihama kisiwa chao wenyewe, kwa kukata tamaa.

Kwetu Afrika, Ufaransa ililipua mabomu hewani huko Reggane, jangwa la Algeria, kuanzia tarehe 13 Februari 1960, kisha ikaendelea chini ya ardhi huko In Ekker hadi mwaka 1966. Tarehe 1 Mei 1962 mlipuko mmoja wa chini ya ardhi ulipasua mlima, wingu la vumbi likatoka mbele ya macho ya waliokuwa wakitazama. Watu wa eneo lile bado wanadai maeneo yao yasafishwe.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Unakumbuka wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga: aliye chini ya mti anapata nyingi, jirani upande upepo unakoelekea anapata kiasi, na wa upande wa pili anasikia harufu tu, mvua ikinyesha, iliyobaki majanini inashuka chini. Vumbi la mionzi hutawanyika hivyo hivyo, kwa madoa, na ndiyo maana vijiji viwili vya karibu vinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa. Lakini kila kitu ndani ya vumbi lile kina njia yake mwilini. Iodini 131 hukimbilia tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo huhitaji iodini na haiwezi kujua ipi ni salama na ipi si salama. Hupungua hadi nusu kila siku 8, kwa hiyo hatari yake ni ya majuma machache ya mwanzo, na njia yake kuu ni maziwa ya ng'ombe waliokula majani yaliyoangukiwa, pamoja na mboga za majani. Stronti hufanana na kalisi (kalsiamu), basi huhifadhiwa kwenye mifupa. Sezi huingia kwenye nyama ya mwili mzima; mtu mzima huitoa nusu yake kwa takriban siku 100, ila ardhini hukaa, maana hupungua nusu kila miaka 30.

Mionzi ikipita kwenye chembe hai hukata uzi wa urithi uliomo ndani yake. Mara nyingi chembe huunga pale palipokatika, au hufa na kuondolewa. Mara chache huunga vibaya na kuendelea kuishi. Kosa lile likirithiwa na chembe zinazozaliwa, na mengine yakiongezeka juu yake, baada ya miaka mingi huweza kuwa saratani. Ndiyo maana ya miaka 20 unayoisikia. Kwa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Japani, mwaka 1945, saratani ya damu ilianza kuonekana ndani ya miaka michache na kufikia kilele kabla ya miaka 10 kuisha. Saratani za matiti, mapafu, tumbo na viungo vingine zilianza kujitokeza baada ya muongo mmoja na zimeendelea kufuatiliwa hadi leo, kwenye utafiti wa watu karibu 120,000. Waliopokea mionzi mingi waliugua zaidi. Waliopokea kidogo sana wameishi karibu sawa na wasiopokea.

Hebu tupange viwango, maana bila namba kila mionzi ni mauti. Mtu wa kawaida duniani hupata milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye asili tu. Sheria za usalama zinataka mradi wowote usiwaongezee wananchi zaidi ya milisivati 1 kwa mwaka, na mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa 20. Anayepokea jumla ya 100 huongezewa uwezekano wa kufa kwa saratani kwa karibu nusu ya asilimia moja. Katika watu 200 waliopokea hizo 100, tunakadiria mmoja zaidi atakufa kwa saratani kutokana na mionzi, na duniani mtu 1 kati ya 5 hupata saratani katika maisha yake bila kuguswa na ajali yoyote ya nyuklia. Kuugua palepale, kutapika na kunyonyoka nywele, huanza kwenye milisivati 1,000 na zaidi kwa mkupuo.

Mama, mimi na wewe sote tumeshaangukiwa na vumbi la mabomu. Mataifa makubwa yalilipua mabomu zaidi ya 500 hewani hadi mwaka 1980, na vumbi lake lilizunguka dunia nzima, Newala ikiwemo. Mwaka lilipozidi kuliko yote, 1963, lilimwongezea mtu wa wastani duniani milisivati 0.11. Huo ndio mwaka mataifa mengi, ingawa si yote, yaliposaini mkataba wa kuacha kulipua hewani, baada ya wazazi na wanasayansi kupiga kelele kuhusu stronti iliyoonekana kwenye meno ya watoto. Kelele za wananchi zilisaidia, na ninalitaja hili kwa makusudi.

Chernobyl ndiyo inayotufundisha zaidi kuhusu majirani wa ajali. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu kililipuka. Mji wa Pripyat ulihamishwa kesho yake, lakini vijijini watoto waliendelea kunywa maziwa. Hadi mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule walikuwa wamepata saratani ya tezi ya shingo. Wengi sana wametibiwa na wako hai, lakini ugonjwa ule ulizuilika. Poland, iliyo jirani, iliwagawia watoto wake zaidi ya milioni 10 dawa ya iodini ndani ya siku chache na kuzuia maziwa mabichi. Tena utafiti ulionyesha kwamba watoto waliokuwa wakiishi maeneo yenye upungufu wa iodini walikuwa katika hatari mara 3 ya wenzao, kwa sababu tezi yenye njaa ya iodini hunyakua yoyote inayopita.

Hapo nitachepuka kidogo, kwa kuwa jambo hili liko jikoni kwako. Sisi watu wa kusini tunaishi na mashamba ya chumvi, na chumvi nyingi ya wazalishaji wadogo wa pwani ya Lindi na Mtwara huuzwa bila kuwekewa madini joto, ndiyo hiyo iodini. Binti mwenye mimba akikosa madini joto, ubongo wa mtoto unaumia, na hili ni la uhakika kuliko hofu yoyote ya urani iliyomo kwenye ile sauti. Nunua chumvi yenye madini joto. Usinunue vidonge vya iodini wala kunywa ile iodini ya kusafishia vidonda ukidhani unajikinga; vidonge vile hutolewa na serikali wakati wa ajali ya kinu tu, na havizuii urani wala sezi.

Kuhusu vitukuu: watoto wapatao 77,000 waliozaliwa na wazazi walionusurika mabomu ya Japani wamefuatiliwa, na haijaonekana ongezeko la ulemavu wala magonjwa ya kurithi. Wale waliozaliwa na vichwa vidogo na akili iliyodumaa walikuwa wenyewe tumboni siku bomu lilipolipuka, katika mionzi mikubwa. Mtu anayesema laana hii hushuka vizazi saba anawatesa bure wazazi wenye mtoto mlemavu, ambao tayari wana mzigo wa kutosha.

Basi urani ya Namtumbo haina hatari? Ina. Ni hatari ya aina nyingine, na kwa watu wengine.

Urani inapopungua polepole huzaa madini ya radiamu, na radiamu huzaa gesi ya radoni. Gesi hii haionekani wala hainuki. Ikivutwa mahali pasipo na hewa ya kutosha, miaka mingi, huleta saratani ya mapafu, na kwa mvutaji wa sigara hatari huongezeka maradufu na zaidi. Huko Marekani, Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi ile, walichimba urani kuanzia mwaka 1944 hadi 1986, wengi bila kuambiwa lolote. Walikunywa maji yaliyodondoka ndani ya mashimo, wakarudi nyumbani na nguo za kazi, na wengine walijengea nyumba kwa mawe ya taka za mgodi. Wachimbaji walikufa kwa saratani ya mapafu kwa idadi iliyolazimisha serikali ile kupitisha sheria ya fidia mwaka 1990. Kwao, tarehe 16 Julai 1979, bwawa la tope la kiwanda cha urani pale Church Rock lilibomoka, na mamilioni ya lita za maji machafu yakaingia kwenye mto ambao wafugaji walinywesheamo mifugo. Ukitaka mfano wa kutazama kwa ajili ya Namtumbo, tazama huo, uiache Hiroshima. Tope linalobaki baada ya urani kutolewa huwa bado na takriban asilimia 85 ya mionzi ya mawe yale. Mwekezaji huondoka na urani. Tope hubaki kwa wenyeji kwa maelfu ya miaka. Bwawa la tope hilo likijengwa vizuri, likatandikwa chini, likafunikwa na kulindwa, linakaa. Likijengwa kwa kubana matumizi, wenye visima vya jirani na walio chini ya mto ndio wanaolipa.

Na hapa jiografia iko upande wako. Maji ya Mto Mkuju, ulio eneo la mradi, huishia mto Luwegu, na Luwegu unaungana na Kilombero kuwa Rufiji. Hayaji mto Ruvuma, wala hayafiki kwenye uwanda wenu wa Makonde. Kutoka eneo la mradi hadi Newala ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na upepo wetu, kusi na kaskazi, kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka baharini kwenda bara, kwa hiyo huelekea kwao kuliko kwetu. Vumbi la mgodi ni zito, huanguka karibu. Wenye haki ya kwanza ya kuwa macho ni vijiji vya Namtumbo vinavyozunguka mradi, na wote wanaokunywa, kuvua na kulima kando ya mito ile hadi Rufiji. Tuwasemee wao.

Maji yako ya bati, kunywa. Fagia paa na mifereji kabla ya masika, acha mvua ya kwanza ipite, funika kisima, chemsha. Sababu ni kinyesi cha ndege na vijidudu vya kuhara. Ikitokea siku moja serikali ikatangaza ajali ya nyuklia ya kweli mahali popote karibu, cha kufanya ni kuchomoa bomba la mfereji kabla mvua haijanyesha, kufunika maji uliyo nayo, kuingia ndani, na kuacha kisamvu na mchicha wa nje mpaka vipimwe. Ming'oko na muhogo vilivyo chini ya udongo huwa salama zaidi siku zile za mwanzo kuliko majani.

Magari ya mzigo nayo si hadithi ya kupuuza. Barabara ya Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi hadi Mtwara ndiyo njia ya kusini ya kufika bandarini, kwa hiyo anayeishi kandokando yake ana haki ya kuuliza. Urani iliyosafishwa husafirishwa kama unga, mara nyingi wa njano, ndani ya mapipa ya chuma yaliyofungwa na kupangwa ndani ya kontena. Ukisimama kando ya barabara gari likapita, unachopata ni kidogo mno. Hatari ni gari kupinduka na mapipa kupasuka. Unga ule ukimezwa au kuvutwa huumiza figo kwa sumu yake ya madini kabla hata ya mionzi kuwa tatizo. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 30 za urani kwa lita. Kwa hiyo gari likipinduka, watu wakae mbali, upande upepo unakotoka, na polisi waitwe. Asiende mtu kuokota. Mwaka 2003, vita ilipoingia Iraki, wanakijiji wa Tuwaitha karibu na Baghdad walimwaga unga wa urani chini na kuchukua mapipa wakahifadhie maji nyumbani. Najua pipa zuri la chuma lina thamani gani Newala, hasa mwezi wa Oktoba. Pipa hilo liacheni.

Na kama ninyi wa Mtwara na Lindi mnatafuta chombo cha mionzi kinachoweza kumuua mtu kweli, mtazame kwenye vyuma chakavu. Mabomba ya gesi yanapoungwa, mafundi hupiga picha maungio kwa kutumia chanzo kidogo cha mionzi, mara nyingi iridi 192, kilichofichwa ndani ya kasha zito. Visima vya gesi navyo hupimwa kwa vyanzo kama hivyo. Kikiwa ndani ya kasha ni salama. Kikipotea ni balaa. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, waokota skrepa walibomoa mashine ya tiba iliyotelekezwa wakakuta unga wa sezi unaong'aa gizani. Wakagawana, watoto wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6, na watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Wafundisheni vijana wanaonunua skrepa alama ile ya mapanga matatu kuzunguka duara, nyeusi au zambarau juu ya njano. Wakiiona, au wakikuta kasha dogo lenye uzito usioelezeka, waliache lilipo, wasogee mbali na watoe taarifa polisi na kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC).

Kijana wako anahitaji mambo machache, na mengi ni haki yake kisheria. Awe na kipimo cha mionzi cha kuvaa kifuani, na ajue kimesoma ngapi. Namba zile ziandikwe na nakala apewe, hata akiacha kazi. Avae barakoa ya vumbi inayombana uso sawasawa. Asile wala kuvuta sigara eneo la kazi, na kama anavuta, aache kabisa. Hakuna ushauri wangu wenye faida kwake kuliko huo. Asilete nyumbani jiwe, mchanga wala ovaroli. Kibarua wa muda ndiye mara nyingi hukosa vifaa hivi. Akikataliwa aende OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, au aende TAEC.

Mkutano wa kijiji au wa kata ukiitishwa, msiulize kama urani ni salama, maana mtajibiwa ndiyo na mtarudi nyumbani. Ulizeni vipimo vya maji na udongo vilivyochukuliwa kabla ya kazi kuanza viko wapi, na nani anapima kila mwaka asiyelipwa na mwenye mradi. Ulizeni bwawa la tope liko juu ya nini, nani atalitunza mgodi ukifungwa, na fedha za kulitunza zimewekwa wapi. TAEC na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wa kujibu. Bila kipimo cha mwanzo, hata madhara yakitokea hamtaweza kuyathibitisha, na hata yasipotokea hamtaweza kuituliza hofu.

Saratani ninazozitibu kutoka kusini zina sababu tunazozijua. Shingo ya kizazi, inayoletwa na kirusi, ndiyo inayowashika wanawake wengi kuliko nyingine. Chanjo yake kwa wasichana ilianza kutolewa nchini mwaka 2018, na uchunguzi unafanyika kwenye vituo vya afya. Kibofu huharibiwa na kichocho kisichotibiwa. Ini huharibiwa na homa ya ini na sumukuvu kwenye karanga na mahindi yaliyoota ukungu. Mama, kama hujawahi kuchunguzwa shingo ya kizazi, nenda mwezi huu, mwende na mkwe wako.

Yeyote nyumbani akiwa na uvimbe shingoni usiopungua, kikohozi kinachozidi wiki 2, damu inayotoka pasipotarajiwa, kidonda kisichopona au kukonda bila sababu, asisubiri wala asijiulize kama ni urani. Anzieni hospitali ya wilaya Newala, au Ndanda. Wao watawapeleka hospitali ya mkoa Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na ikihitajika Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Kijana akija likizo, aje na karatasi ya namba za kipimo chake na kumbukumbu ya miezi aliyofanya kazi, daktari azione na kuziweka kwenye faili lake. Na binti, kama baada ya kusoma haya bado anataka kuitoa, aje kliniki na mumewe au na wewe tuzungumze uso kwa uso kabla hajafanya lolote. Inawezekana kuna jambo jingine linalomsumbua ambalo hajalisema.